Kopo la Vitamini A

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Method karudi. Treni iliyotakiwa kuingia asubuhi imeingia saa tisa mchana, na mimi nimesimama stesheni muda wote huo na mwavuli uliovunjika mbavu. Nikampita! Mdogo wangu wa tumbo moja, nikampita, nikawa naangalia watu nyuma yake. Mpaka akaniita mwenyewe, Dada Pude. Sauti ni yake. Mwili sijui kaazima wapi.

Miaka sita Dar es Salaam. Aliondoka na mabegi mawili, karudi na mfuko wa rambo. Macho ya njano. Mimi ni nesi wa kliniki ya watoto tu, kupima uzito na kuchanja, lakini macho ya njano nayajua. Mama kalia, halafu kachinja jogoo.

Jumatano, 5 Novemba

Kasema mwenyewe bila kuulizwa, tukiwa tunachambua maharage. Gereji alikokuwa anafanya kazi, vijana walikuwa wanameza vidonge vya mandraksi na kuteremshia na gongo. Mwanzo Ijumaa tu. Halafu kila siku. Kichwa kinakuwa chepesi, kasema, unasahau. Unasahau nini, we Method? Kaendelea kuokota mawe kwenye maharage.

Hapa Mpanda mandraksi atazipata wapi. Kabakia na gongo, ambayo mtaa wetu wa Misunkumilo haijawahi kukosekana hata siku moja! Jana katoka kunyoosha miguu, karudi miguu imepinda. Nimemtukana mpaka nimechoka. Halafu nikamtilia maji ya kuoga. Ndivyo nilivyo, mdomo mrefu na mkono laini.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimempeleka hospitali. Daktari Anicet kambinya tumbo upande wa kulia, Method karuka kama kaungua. Ini limevimba, vidole vitatu chini ya mbavu. Pombe aache leo, sio kesho. Vidonge vya kulevya asiviguse mpaka anaingia kaburini. Ale vizuri, apumzike.

Nikauliza, na dawa? Kasema dawa hakuna. Ini ukiliacha bila kulisumbua linajitibu lenyewe.

Ebo! Nimeacha akina mama na watoto wao kwenye mizani, nimekaa foleni masaa manne, ndio naambiwa linajitibu lenyewe? Mtu anakwenda hospitali anarudi na kitu mkononi. Hata Mama kachukia. Kasema daktari yule mchoyo.

Jumapili, 23 Novemba

Siku tisa hajanywa. Kaapa mbele ya Mama na mbele ya msalaba. Anatetemeka, shuka linalowa jasho, anasema maneno ya ajabu, lakini hajatoka nje ya uzio. Mama kamwekea sheria. Kila jioni anamsimamisha mlangoni na kumwambia, nipumulie. Method anampumulia usoni, Mama ananusa kama mtu anayenunua samaki. Leo kasema mzima. Tumecheka wote watatu, mara ya kwanza tangu arudi.

Callixte seremala, jirani yetu aliyetokea makazi ya wakimbizi ya Katumba, kamwambia akipata nguvu aende karakanani kwake kupiga msasa. Mke wake Apollinarie katuletea chupa ya mawese. Watu wema wale.

Jumatano, 3 Desemba

Nimelipata! Nilikuwa natafuta kadi ya mtoto mmoja, nikakuta daftari langu la semina ya Sumbawanga. Mwezi wa nane, ile semina ya vitamini A. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe: moshi wa sigara, pombe na madawa ya kulevya vinaleta sumu inayounguza seli kama kutu inavyokula bati. Vitamini A, C na E zinazuia kutu. Nimepiga mistari miwili chini ya neno antioksidanti. Nakumbuka mwalimu alivyolitamka, ukumbi mzima tukarudia kama darasa la kwanza.

Sasa Daktari Anicet anasema dawa hakuna! Dawa ipo. C ni machungwa na ukwaju. E sijui iko wapi, duka la dawa wamenishangaa. Lakini A — A naishika kwa mikono yangu kila siku ya kliniki!

Ijumaa, 5 Desemba

Lile kopo lililobaki kutoka zoezi la chanjo ya surua bado liko kabatini. Kapsuli nyekundu, za watoto wa mwaka na kuendelea. Mwisho wa kutumika mwezi wa pili. Bosi wangu Manyanda, mganga wa zahanati, alishasema zikiharibika tutazifukia shimoni pamoja na za mwaka jana. Zifukiwe na ndugu yangu macho yake kama manjano ya pilau?

Nimelitia kwenye mkoba. Sikuiba. Nimeokoa kitu kilichokuwa kinaenda shimoni. Hata hivyo nimepita mlango wa nyuma, na Manyanda aliponiaga nimeitikia bila kumwangalia.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimempa ya kwanza. Kwa mkasi, kama kwa watoto: unakata kichuchu cha kapsuli, unaminya mdomoni. Nikamwambia panua. Kapanua, dume la miaka thelathini na moja, macho kafumba! Mama kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Method kasema mafuta yale yana ladha ya dagaa waliochacha.

Dozi ya mtoto ni moja kila miezi sita. Lakini huyu sio mtoto, na mtoto hana kutu mwilini. Nitaangalia.

Ijumaa, 12 Desemba

Mabadiliko! Kala ugali wote, kaomba tena. Macho yamepungua njano, sio mimi tu ninayeona, hata Apollinarie kaona. Jana kaenda kwa Callixte kapiga msasa stuli mbili za mninga. Wiki moja, kapsuli moja. Sasa fikiria zingekuwa mbili. Fikiria kila siku! Mtoto wa mwaka mmoja anabeba moja nzima, sembuse mtu wa kilo hamsini na tano.

Kuanzia leo kila siku, baada ya chai.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mvua haijaacha tangu juzi, redio inasema el-nino, el-nino, reli imekatwa na maji huko njiani. Makoye, Msukuma wa ng'ombe ambaye Mama alimkaribisha kulima kwetu bondeni, kachinja na katuletea ini zima. Mama kafurahi sana. Kasema ini linajengwa na ini. Kalikaanga kwa mawese, lote sahani ya Method. Makoye kaahidi atakuwa analeta kila akichinja.

Method kaenda kanisani kwa shati la Callixte. Kaimba! Mwezi mmoja na zaidi hajaonja. Nimemshukuru Mungu, na kidogo, niseme kweli, nimejishukuru na mimi.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Ngozi ya Method inabanduka. Viganja, nyayo, midomo imepasuka inatoa damu. Mama kaogopa. Nimemwelewesha: ile ni sumu inatoka. Miaka sita ya mandraksi ilikuwa imekaa ndani, sasa vitamini inaisukuma nje, na njia yake ni ngozi. Nilivyosema hata mimi nimejisikia daktari.

Nimempaka mafuta ya mgando.

Jumatano, 14 Januari

Kichwa kinamuuma siku ya nne. Mifupa ya miguu pia, anasema kama mtu anaipiga nyundo kwa ndani. Nywele zinabaki kwenye mto. Yeye mwenyewe anasema ni arosto, ndivyo walivyoita Dar mwili ukidai ulichouzoesha. Nikamwambia lakini ni miezi miwili, arosto gani hiyo yenye uvumilivu? Kasema hajui, dada, wewe ndio nesi.

Kapsuli hataki tena, zinamtia kichefuchefu. Nimemgombeza. Nikamwambia mtu hasimami katikati ya mto. Kapanua mdomo.

Jumanne, 20 Januari

Leo nyumba imewaka moto.

Njano imerudi, mbaya kuliko ya mwanzo. Tumbo limejaa, suruali haifungi. Jioni Mama kamwambia nipumulie. Kapumua. Mama karudi nyuma hatua mbili. Kasema ana harufu tamu-tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi, hiyo ni pombe mpya wameivumbua. Method kaapa hajanywa. Mama kasema umeapa mara ngapi maishani mwako?

Na mimi nikaingia. Mungu wangu, mdomo huu! Nikamwambia mimi nahangaika na wewe, nabeba vitu kazini kwa ajili yako, nahatarisha mkate wangu, na wewe unaenda kunywa kwa nyuma? Nikamwita mlevi mbele ya Apollinarie, aliyekuja kuazima chungio. Nikamwambia ungebaki huko huko Dar ufie gereji.

Kakaa chini pale pale mlangoni kashika tumbo kwa mikono miwili.

Alhamisi, 22 Januari

Apollinarie kanisubiri kisimani. Mwanamke yule hasemi ovyo. Kaniambia, dada Pudensiana, mimi nashinda na Method toka asubuhi mpaka jioni. Chakula anakula kwangu, maji anakunywa kwangu, akienda chooni mume wangu anaona. Huyu hanywi. Nyie mnamwonea.

Nikamwambia mlevi ana ujanja wake. Kaniangalia, kasema sawa, kajitwisha ndoo kaenda.

Jumamosi, 24 Januari

Method hakwenda kazini. Hawezi kusimama. Makoye kaleta ini, mgonjwa kala vijiko viwili. Nimempa kapsuli na nimeongeza chungwa.

Jumatatu, 26 Januari

Amelazwa.

Jana jioni alianza kuweweseka, akamwita Mama kwa jina la bosi wake wa gereji. Asubuhi tumempeleka kwa mkokoteni wa Makoye, mvua juu, yeye chini ya turubai. Daktari Anicet kambinya kwa muda mrefu, safari hii Method hakuruka. Kavuta maji tumboni kwa sindano, chupa nzima.

Katuita nje, mimi na Mama. Kasema haelewi. Ini la mtu aliyeacha pombe linapona au linasimama palipo, haliendi mbio namna hii. Ama anakunywa, ama kuna kitu kingine anakula. Dawa za kienyeji? Mizizi? Vidonge? Mama kasema hakuna kitu, ni gongo, sisi tunamjua mtoto wetu.

Mimi nikasema — sijui kwa nini nilisema vile, nilitaka tu asikie kwamba na mimi najua kitu — nikasema, Daktari, mtu kama huyu vitamini A haiwezi kumsaidia? Nilisoma kwenye semina, ni antioksidanti.

Kacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka, sio cha dharau. Kasema, sista, A ya kwenye mchicha na mawese sawa, mwili unachukua inayoutosha. Lakini A ya kapsuli, ini ndio ghala lake. Sasa ghala limebomoka na wewe bado unashusha magunia? Ikizidi inakuwa sumu, ngozi inabanduka, kichwa, mifupa, nywele, halafu ini lenyewe. Na kwa mtu wa pombe hata kidogo inazidi. Kaniuliza, kwa nini, mmempa?

Nikasema hapana.

Limetoka haraka sana. Hapana. Mama yuko pembeni yangu ananiangalia, anajua kabisa kila asubuhi namwita mwanae baada ya chai na mkasi mkononi, lakini kwake zile sio dawa, ni vitamini za watoto. Hakuunganisha. Daktari kasema vizuri, kaenda wodi ya wazazi.

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu. Mvua sikuisikia.

Jumanne, 27 Januari

Nimehesabu. Kapsuli arobaini na sita.

Ngozi, nilisema sumu inatoka. Kumbe inaingia, na mkono unaoingiza ni wangu. Alipokataa, nilimgombeza mpaka akapanua mdomo! Na ini la Makoye juu yake, lenye A tele, sahani nzima. Na ile harufu tamu ilikuwa ini linalokufa, sio pombe; Apollinarie alisema mnamwonea. Mungu wangu, Method, ulikuwa huna kosa hata moja.

Nikisema, kazi imekwenda. Kopo la serikali, nimelitoa mlango wa nyuma, nimempa mtu dozi ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingempa. Manyanda hatanificha, na kwa nini anifiche? Nikisema, Mama atajua. Hilo naliogopa kuliko Manyanda.

Lakini nisiposema Daktari anatibu gizani. Leo katuambia ndege ya misheni inatua keshokutwa, inakwenda Mwanza, ina nafasi moja ya mgonjwa. Kama Method ana kitu kinachoweza kutibiwa, atampeleka, kule wana vipimo. Kama ni mtu anayeendelea kunywa, hawezi kumpa nafasi ya mwingine. Kaniangalia mimi aliposema hivyo, kwa sababu mimi ndio nesi wa familia. Nikainamisha kichwa kama ninayefikiri.

Nimenunua machungwa. Sijui ya nini. Nimeyaacha kwenye mfuko.

Jumatano, 28 Januari

Saa mbili na nusu asubuhi. Niko barazani, wodi ya wanaume, benchi la chini ya dirisha. Kopo liko mapajani nimelifunga kwenye kitenge. Nimeamka na neno moja tu: leo nasema. Daktari akifika kitanda cha Method naingia na kopo.

Nimetangulia kumpa uji. Akili imemrudia kidogo. Kanishika mkono, kasema, dada, yameisha. Nikamuuliza yapi. Kasema jana jioni Daktari alikaa kitandani kwake, akamwambia kijana wangu sema kweli, hapa sio polisi. Basi kasema. Kamwambia anakunywa. Kila siku, kwa siri, toka Krismasi.

Nikamwambia, Method, unakunywa?

Katikisa kichwa. Hata tone. Lakini nyie wote mnasema nimekunywa, kasema. Mama kasema, wewe umesema, Daktari anasema. Watu wote hao mtakosea vipi? Nikafikiri labda nakunywa na nasahau, kama zamani. Nikaona bora nikubali, muache kunikasirikia.

Halafu kaniomba msamaha. Mimi! Kasema nimekuchosha, dada, na vitamini zako umezipoteza bure.

Nimemlisha uji mpaka kijiko cha mwisho. Sijui niliwezaje.

Sista wa wodi kanifuata nje kunipa pole. Kasema Daktari ameshaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekiri pombe, na nafasi ya ndege atampa mama mmoja wa Inyonga mwenye uvimbe. Ataweka sahihi akimaliza kupita vitanda, kabla ya saa nne.

Na mimi niandike ukweli, daftari hili hakuna anayelisoma. Nilichohisi kwanza sio huruma. Nilihisi nimepona. Limekwisha, limeandikwa, kwa mdomo wake mwenyewe, hakuna mtu duniani atakayeuliza habari za kopo. Nikavuta pumzi mpaka chini. Halafu nikaona aibu, nikakaa hapa nikatoa kalamu ili mikono iwe na kazi.

Daktari ameingia. Namwona kupitia nyavu. Kitanda cha kwanza, mtoto wa shule mwenye malaria, anamruhusu. Method ni kitanda cha tano. Kapinda kuelekea ukutani, mgongo wake naweza kuhesabu mifupa.

Kitanda cha pili. Anabadilisha dawa.

Ninajua la kusema. Daktari, nilikudanganya, ni mimi. Maneno manne. Nimeyasema kimoyomoyo tangu alfajiri, hayana ugumu wowote. Mama kapiga kona pale getini anakuja na chupa ya chai, kanga kichwani, anaruka madimbwi. Ningependa asingefika mapema hivi.

Cha tatu kitupu. Amekipita.

Kitanda cha nne, mzee Libérat wa Katumba, yule wa kifua. Daktari kaweka kipimo mgongoni. Mzee kaanza kukohoa, hawezi kuacha, Daktari kavuta stuli kaketi anamsubiri. Mama ameshafika barazani, ananiuliza mbona sijaingia, na kitenge hicho nimefunga nini.

Kohoa, mzee wangu. Kohoa tena kidogo.